Binti wa Fundi Mapipa na Banda la Duara

Baba yake Ragna Oppedal alikuwa fundi mapipa, na hilo ndilo jambo la kwanza analopaswa kulijua mtu anayetaka kuyaelewa maisha ya mama huyu. Alizaliwa katika vilima vya magharibi ya Wisconsin, miaka michache baada ya wazazi wake kuvuka bahari kutoka Norwei, na kabla hajafika umri wa kwenda shule alikwisha kujua kuloweka ubao wa almu. Almu ni mti ambao ukikaa majini vya kutosha hupindika bila kuvunjika. Baba yake aliupinda ukawa makasha ya duara ya kuwekea jibini, na alipotaka kumfundisha binti yake, hakusema mengi. Alimpa pipa tupu na kumwambia alipande. Mtoto akapanda, akarukaruka juu yake, pipa halikutikisika. Kisha baba akaikata ile pete moja tu iliyolifunga pipa, na vibao vyote vikalala chini kama maua yaliyonyauka.

"Sasa niambie," baba akamuuliza, "ni nini kilichokuwa kimekubeba?"

Ragna alinisimulia kisa hicho mara nyingi, akiwa mtu mzima, huku akikamua ng'ombe.

Aliolewa na Anton Oppedal, mtu mpole mwenye shamba la mteremkoni, na kwa miaka kumi na minne wawili hao walilea kundi la ng'ombe wa maziwa mpaka likafika kumi na wanane. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya chumba kimoja iliyokuwa chini ya kilima chao. Kwetu mwalimu hulala na kula kwa wazazi wa wanafunzi kwa zamu, na mwaka wa 1911 zamu ilikuwa ya nyumba ya Oppedal. Ndiyo maana haya ninayoyaandika mengi niliyaona kwa macho yangu.

Mwezi wa Julai mwaka ule kimbunga kilipita bondeni na kulichukua banda lao la pembe nne. Kililikamata kwenye kona moja, kama mtu anavyoshika ncha ya shuka, kikalikunja lote. Ng'ombe walikuwa malishoni, wakasalimika. Anton alikuwa mlangoni, na mwimo wa mlango ukamvunja mguu wa kulia mahali pawili. Mguu uliunga, lakini ulibaki mfupi na mgumu, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuwashika farasi wanaorudi kinyumenyume.

Kwetu theluji huingia mwishoni mwa Novemba. Ng'ombe wa maziwa hawezi kuvumilia nje majira hayo. Kama banda jipya lisingepata paa kabla ya hapo, wale kumi na wanane wangeuzwa kwa mchuuzi wa mifugo, na kazi ya miaka kumi na minne ingeondoka kwa miguu yake yenyewe barabarani.

Ragna aliketi mezani siku tatu akichora. Alitaka banda la duara, upana wake futi sitini, na katikati pasiwe na kitu chochote. Chini, ng'ombe wangesimama kwa mduara, vichwa vikielekea ndani, ili mtu mmoja awalishe wote bila kutembea sana. Juu yao kungekuwa na dari la majani makavu, na kwa kuwa shamba lilikuwa mteremkoni, gari la farasi lingeingia darini moja kwa moja kutoka upande wa kilima, lizunguke, lishushe mzigo, litoke kwa mlango uleule farasi wakitazama mbele. Hakuna kurudi kinyumenyume. Kwa banda la namna hiyo Anton angebaki kuwa mkulima. Kwa banda la namna nyingine angekuwa mgonjwa wa kukaa dirishani.

Tatizo lilikuwa moja. Kwetu banda haliajiriwi watu. Majirani huja siku iliyopangwa, thelathini au arobaini, wakalisimamisha kwa mikono yao bila malipo, na wewe ukaenda kwao zamu yao inapofika. Lakini hakuna jirani anayepanda juu mpaka fundi mkuu wa bonde aseme, "Pandeni." Fundi mkuu wakati ule alikuwa Halvor Skogli, mtu mnene, mwenye sauti nzito na dhamiri nzito zaidi. Alikuwa amejenga mabanda ishirini na saba, yote ya pembe nne, na hakuna hata moja lililowahi kumuua mtu.

Wakulima wetu wote hukutana kila asubuhi kwenye kiwanda cha jibini, wanapopeleka maziwa. Huko ndiko Ragna alikopeleka mchoro wake. Halvor aliushika mbali na macho, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mke wa Anton," akasema, "umenichorea banda au chungu?"

"Nimechora pipa, Fundi."

"Na nguzo ziko wapi?"

"Hazipo."

"Umezisahau."

"Sikuzisahau. Hazipo."

Wanaume walianza kusogea karibu. Emil Zwicky, Mswisi aliyekuwa mtengenezaji wa jibini, alitoka ndani akifuta mikono. "Mama Oppedal, mimi sijui mambo ya mbao," akasema, "lakini ungemwachia Fundi hata kona moja. Akikasirika atakwenda kununia wapi?"

"Na mbwa wake ainulie mguu wapi?" akadakia mwingine.

"Azunguke mpaka atakapochoka," Ragna akajibu. "Kama bwana wake anavyoizunguka karatasi yangu."

Walicheka wote isipokuwa Halvor, ambaye hakuwa mtu wa kukasirika wala wa kuharakishwa. Ragna alirudi kwenye gari lake akashusha vibao kumi na viwili vya pipa, pete moja ya almu pana kama sinia kubwa, na nyingine ndogo kama bakuli. Akailaza pete kubwa chini, akavisimamisha vibao ndani yake kwa mduara, ncha zao za juu zikaegemea kwenye ile pete ndogo. Kilichotokea ni kipaa kidogo kisichofika hata gotini, na ndani yake mlikuwa mtupu.

"Kaa, Fundi."

"Nikae wapi?"

"Hapo juu. Wewe ndiwe mzito kuliko wote, na si mimi niliyesema, bali mizani ya Emil."

Halvor akakaa, kwanza kwa hadhari, kisha kwa uzito wake wote, kisha akainua miguu yote miwili. Vibao vililia kidogo, vikanyamaza. Alikaa pale muda wa kutosha kuvuta kiko kizima, maana alikuwa mtu wa haki na alitaka kuwa na hakika. Aliposimama, Ragna akaikata ile pete kubwa kwa kisu. Kipaa kikalala chini.

"Kiti nimekikubali," Halvor akasema hatimaye. "Lakini mimi si theluji ya Januari. Ukiniambia niwapandishe watu arobaini futi hamsini juu, nao wakaanguka, wajane watakuja kugonga mlango wangu, si wako. Nitakuja na watu wangu kwa sharti moja. Nguzo moja katikati, toka ardhini mpaka kileleni. Na ikae. Siku utakapoiondoa, hakuna mkono wa bonde hili utakaoingia kwako tena, si kwa majani wala kwa mavuno."

Ragna alitazama mchoro wake. Nguzo ikisimama katikati, na majani yamejaa kandokando, gari halizunguki. Gari lisipozunguka, Anton hana kazi. Lakini ilikuwa Septemba tayari, na bila mikono hiyo arobaini hakukuwa na banda lolote.

"Itakaa," akasema, "mpaka wewe mwenyewe useme haina kazi."

"Basi itatuzika sote," akasema Halvor, na wakapeana mikono mbele ya Emil Zwicky.

Katika majuma yaliyofuata ndipo nilipojifunza maana ya utaratibu, mimi niliyedhani naufundisha. Ragna alizamisha mbao nyembamba za almu katika kijito chini ya shule, akaziwekea mawe, akaziacha siku kumi na sita. Watoto wangu walizihesabu kila asubuhi kabla ya hesabu zao wenyewe. Zilipolegea alizipinda juu ya mtambaapanya, boriti ya juu ya ukuta inayobeba paa, ubao juu ya ubao, tabaka nane, akihakikisha kwamba maungo ya tabaka moja hayakutani kamwe na maungo ya tabaka la chini yake. Pete ile ilikuwa na mzunguko wa karibu futi mia mbili. Nje alifunga mkanda wa chuma, kama baba yake alivyofunga mapipa.

Halvor alisimamia kila kitu, na nguzo aliisimamisha kwa mkono wake. Ilikuwa shina zima la msonobari, lililonyooka kama mlingoti. Alichagua jiwe pana, akalilaza juu ya ardhi katikati ya duara, ili nguzo isimame juu yake, kama alivyofanya katika mabanda yake yote.

"Fundi, hapo palikuwa na shimo la samadi la banda la zamani," Ragna akamwonya. "Juu pamekauka, chini ni uji."

"Jiwe la upana huu halizami."

"Katika mabanda yako nguzo ni ishirini, zinagawana mzigo. Hii iko peke yake."

"Ndiyo maana nimechagua jiwe kubwa, mke wa Anton. Shika kamba."

Kileleni Halvor hakuigongea nguzo misumari. Alisema paa litaikalia nguzo kwa uzito wake, na kitu kilichokaliwa hakihitaji kufungwa. Alipigilia tu vibao viwili kwenye pete ndogo ya juu, iliyokalia kichwa cha nguzo ikingoja paa, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili nguzo isiyumbe. Jioni hiyo, watu walipokwisha kuondoka, nilimwona Ragna darini akichora kwa chaki mstari mwembamba kwenye nguzo, sawasawa na pale ilipotokeza katika mbao za sakafu.

Siku ya kusimamisha paa walikuja watu arobaini na watatu. Halvor alisema, "Pandeni," wakapanda. Makombamoyo, ile miti ya kupaulia, arobaini na manane, yaliinuka kutoka kwenye pete kubwa kwenda kwenye pete ndogo, na kipimapembe cha chuma cha Halvor kilining'inia kiunoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni bila kupata pembe ya kupima. Tarehe kumi na tisa Novemba kigae cha mwisho cha mbao kilipigiliwa. Theluji ya kwanza ilianguka siku nne baadaye, na ng'ombe kumi na wanane walikuwa wamesimama ndani kwa mduara, wakitafuna na kutazamana kama wazee wa kanisa.

Nguzo ilifanya kile Ragna alichoogopa. Shehena ya kwanza ya majani ilipoingia, gari lilikwama katikati, likapaswa kurudishwa nyuma mteremkoni. Farasi walitaharuki, mguu wa Anton ukashindwa, akaanguka kando ya gurudumu. Hakuumia sana. Lakini wakati wa chakula cha usiku alikaa akiukanda mguu wake na kusema, kwa upole wake uleule, kwamba labda mwaka ujao wamtafute mtu wa kuajiri. Ragna alimwekea viazi vingine kwenye sahani.

Januari nilipanda darini kuteremsha majani, nikautafuta ule mstari wa chaki. Haukuonekana. Nilipiga magoti na kuchungulia kati ya nguzo na mbao za sakafu, nikauona chini kidogo, kina cha unene wa kidole kidogo. Mwisho wa Februari ulikuwa umeshuka kina cha kidole gumba.

"Mama," nikamwambia, "nguzo yenu inaota mizizi."

"Inajizika yenyewe taratibu, Mwalimu. Nyamaza."

"Kwa nini tusimwite Halvor leo hii?"

"Juu ya paa kuna theluji ya vidole vinne. Atasema ni nyepesi, na atakuwa na haki. Ngoja ije ile ambayo hataweza kuiita nyepesi."

Ilikuja tarehe kumi Machi, theluji yenye maji, nzito kama unga uliokandwa, siku mbili mfululizo, na nyuma yake upepo kutoka kaskazini. Asubuhi ya tatu tulisikia kwamba paa la Severin Lunde, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, limeingia ndani. Halvor hakuwa amelijenga, lilikuwa la zamani. Ng'ombe wake kumi na mmoja walitolewa wazima, na hakukuwa na mahali pa kuwapeleka. Ragna alifungua mlango. Duara lilisogea kidogo, likawapokea wote.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba adhuhuri ile nusu ya bonde ilikuwa ndani ya banda la Oppedal. Wanaume walikuwa wamechimba theluji tangu alfajiri, wanawake wakaleta kahawa na vikapu, na watu wakapanda darini kula, mahali palipokuwa pakavu. Juu yetu paa lilibeba theluji ya futi mbili. Halvor aliipigapiga nguzo kwa kiganja, kama mtu anavyompongeza farasi.

"Sitaki kujisifu," akasema.

"Basi usianze," mkewe Thea akamwambia.

"Nasema tu ukweli. Leo mnakula mkiwa mmefunikwa kwa sababu ya mti huu. Mke wa Anton, una la kusema?"

Ragna alifuta mikono kwenye aproni. "Nina ombi, Fundi. Thea, nipe lefse moja. Ile nyembamba kabisa."

Thea Skogli hakuwa na mpinzani bondeni kwa lefse. Mkate wake wa viazi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu angeweza kusoma gazeti nyuma yake. Alitoa mmoja uliopakwa siagi ndani, akaukunja mara mbili. Ragna aliuweka kifuani ndani ya koti, akaikaza sketi kiunoni, akaanza kupanda vidato vilivyopigiliwa kwenye nguzo. Mazungumzo yalikatika moja moja. Alipofika kileleni, tulimwona akiuchomeka ule mkate kati ya kichwa cha nguzo na pete ya juu, upande huu. Kisha akazungusha mkono, akauvuta upande wa pili. Ulitoka mzima. Hata siagi iliyokuwa ndani haikutoka.

Chini yetu ng'ombe ishirini na tisa waliendelea kutafuna.

"Shuka," Halvor akasema.

Ragna akashuka, akampa ule mkate. Halvor akaushika kwa meno, akapanda mwenyewe, pole pole, kila kidato kikimlalamikia. Alikaa kule juu muda mrefu. Tulimwona akipitisha mkate, kisha kidole, kisha akitoa kisu mfukoni na kupitisha ubapa wake. Kisha akaweka sikio kwenye kombamoyo moja na kusikiliza. Aliposhuka, nusu ya lefse ilikuwa imekwisha, naye alikuwa akiitafuna iliyobaki.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Januari." Ragna akamwonyesha mstari wa chaki chini ya mbao za sakafu. Alipiga magoti, mtu mnene yule, akaupima kwa kidole gumba.

"Jiwe limezama."

"Limezama."

"Na paa halikulifuata."

"Halikuwa na sababu ya kulifuata, Fundi."

Halvor alisimama akajipangusa magoti. Nimeishi na kusikia wanaume wengi wakikubali kosa, na wengi wao huliambatanisha na maelezo marefu. Yeye aligeuka akawatazama watu wake wote. "Nguzo haina kazi," akasema kwa sauti iliyofika hata kwa ng'ombe. "Leteni kamba."

"Sasa hivi?" Severin akauliza. "Na theluji yote ile juu?"

"Sasa hivi. Nikingoja iyeyuke, kesho utaniambia ilikuwa nyepesi. Anayeogopa atoke nje akasimame kwenye upepo."

Wawili walitoka. Thea hakutoka. Walifunga kamba, wakang'oa vile vibao viwili, wakaikata nguzo kwa msumeno chini kidogo ya ule mstari wa chaki, wakailaza hatua kwa hatua, watu kumi na sita upande huu na kumi upande ule. Ilipolala na kuburutwa nje, sote tuliinua vichwa. Tangu sakafuni mpaka kileleni palikuwa wazi, mbao zote zikipanda kuelekea duara moja dogo, na hakuna kilichotikisika. Emil Zwicky alivua kofia yake, na sijui hata kama alijua kwamba ameivua.

Anton hakuwa nasi. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa amewafunga farasi wawili kwenye gari tupu, akaja nalo kutoka upande wa kilima, akaingia mlangoni. Watu walibanana ukutani. Aliwapeleka farasi kushoto, wakapinda, wakapita mahali nguzo iliposimama, wakazunguka, wakatokea kulia, wakatoka kwa mlango uleule wakitazama mbele. Hakuvuta hatamu hata mara moja. Nje akapiga kelele ya kuwahimiza, akaingia tena. Alizunguka mara tatu, mguu wake mgumu umenyooshwa mbele juu ya ubao, na mara ya tatu watu walikuwa wanapiga makofi kwa mwendo wa kwato.

"Inatosha, Anton," Ragna akamwambia. "Utawapa farasi kizunguzungu."

"Mara moja tu," akajibu, akaingia ya nne.

Kiangazi kilichofuata, watu wa bonde walisimamisha banda jipya la Severin, nalo lilikuwa la duara. Baada ya hilo yalifuata mengine sita. Halvor alisimamia misingi na makombamoyo, Ragna alipinda pete, na kabla ya kusema, "Pandeni," Halvor alimtazama yeye kwanza. Nguzo hakuijenga tena. Anton aliendesha gari lake la majani miaka ishirini na mitatu zaidi, akafa kitandani, mwezi mmoja baada ya mavuno. Ragna alimfuata akiwa na umri wa miaka themanini na moja, na asubuhi ya mwisho alikuwa amekwenda bandani kama kawaida.

Lile shina la msonobari lilifanywa benchi mbele ya kiwanda cha jibini. Ni refu kupita haja, na wakulima wengi huketi juu yake bila kugusana viwiko. Halvor alilichonga mwenyewe. Ule mstari wa chaki aliuchonga kwa patasi ili usifutike, na mpaka alipozeeka, kila asubuhi alipoleta maziwa, hakukubali mtu mwingine akae hapo.